Bahasha au kifurushi? Maswali ya wasomaji kuhusu kutuma vitu vyepesi kwa posta

Safari hii maswali mengi yamegusa jambo moja: namna ya kutuma hereni, kikuku, kanga au kijitabu bila kulipia gharama ya kifurushi kizima. Bei hatuziandiki, kwa sababu kila posta ina orodha yake na hubadilika mara kwa mara. Vipimo na taratibu ndivyo tunavyojibu hapa.

SWALI (Arusha): Ndugu mhariri, natengeneza hereni za shanga na wateja wangu wengi wako Ujerumani na Sweden. Jozi moja pamoja na kadi yake haifiki gramu 30. Nikienda posta naambiwa nilipie kifurushi, na gharama inapita bei ya hereni zenyewe. Rafiki yangu ananishauri nizitie kwenye bahasha, nibandike stempu kama barua, kisha nizitumbukize kwenye sanduku. Je, ni sawa?

JIBU: Ushauri wa rafiki yako si sawa, lakini kifurushi nacho hukihitaji. Ipo njia ya tatu ambayo wengi hawaiulizii dirishani, nayo ni pakiti ndogo.

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani (UPU) zinagawa barua za kimataifa kwa umbo. Barua ndogo haizidi gramu 100, milimita 245 kwa 165, na unene wa milimita 5. Barua kubwa mwisho wake ni gramu 500, milimita 381 kwa 305, na unene wa milimita 20. Umbo la tatu ni la vitu vinene: mwisho kilo 2, urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande ulio mrefu kuliko yote usizidi sentimita 60. Maumbo mawili ya kwanza yanapovuka mpaka hubeba karatasi na nyaraka tu. Bidhaa huenda kwenye umbo la tatu, hata ikiwa na unene wa milimita 3. Hiyo ndiyo pakiti ndogo.

Sasa lishike hili, maana ndipo pesa ilipo: pakiti ndogo bado inahesabiwa katika jamii ya barua. Hutozwa kwa ngazi za gramu, ilhali kifurushi mara nyingi huanza kutozwa kwa kilo, hata kama ulicholeta ni gramu 60. Kwa hiyo ukifika dirishani usiseme "nataka kutuma mzigo". Sema: "Naomba pakiti ndogo, kwa ndege, kwenda Ujerumani," kisha taja kama unaitaka ya kawaida au ya rejesta. Karani akikupa fomu ya forodha ya CN23 kwa hereni za bei ndogo, huenda anakuandalia kifurushi. Muulize kwa upole kuhusu CN22, ambayo ni fomu ya forodha ya barua zenye bidhaa za thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), yaani kama dola 400 za Marekani.

Bahasha ya rafiki yako itakwama hivi. Haina fomu ya forodha, kwa hiyo ikimulikwa na kuonekana vyuma na shanga hurudishwa au huzuiwa. Mashine za kupanga barua huivuta kati ya mikanda, kulabu za hereni zikatoboa karatasi. Na kwa kuwa uliitia sandukuni, huna hata risiti ya kuanzia kuulizia.

Namna ya kufunga: tundika hereni kwenye kipande cha kadibodi nyembamba, funika kwa kipande cha pili, halafu bandika utepe wa karatasi pande zote nne hadi ukitikisa usisikie kitu. Zungushia plastiki ya mapovu mara moja tu. Tumia bahasha ya kama sentimita 16 kwa 23, hata kama hereni zingeenea kwenye ndogo zaidi. Uso wa pakiti hautakiwi kupungua milimita 140 kwa 90, na fomu ya CN22 peke yake ina milimita 105 kwa 74. Kwenye bahasha ndogo hutapata pa kuandika anwani wala pa kubandika stempu. Pima uzito mwishoni, kila kitu kikiwa kimeshabandikwa. Ukikuta gramu 104 na ngazi ya bei inaishia 100, badilisha bahasha kabla ya kutoka nyumbani. Bahasha zenye povu hutofautiana uzito kuliko watu wanavyodhani.

SWALI (Nairobi): Nimerudishiwa pakiti mbili kutoka Ufaransa zikiwa na karatasi inayosema tamko la forodha halikukamilika. Nilikuwa nimeandika "zawadi", thamani dola 1. Nimekosea wapi?

JIBU: "Zawadi" ni sababu ya kutuma. Haimwambii afisa wa forodha kilichomo ndani. Yeye anataka kujua ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, ni vingapi, na vina thamani gani. Andika kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubaliwa huko kinakokwenda, kwa herufi kubwa zilizoachana.

Tuchukue mfano wa jozi mbili za hereni. Kwenye maelezo andika: hereni za shanga za kioo zenye kulabu za shaba, jozi 2. Kwenye uzito wa bidhaa andika uzito wa hereni zenyewe, tuseme kilo 0.024. Kwenye thamani andika bei halisi aliyolipa mteja pamoja na jina la sarafu, kwa mfano EUR 18. Kwenye namba ya ushuru, ile inayoitwa HS, andika tarakimu 6: mapambo ya bei nafuu yasiyo hasa ya metali huingia 7117.90, shanga za kioo zisizotungwa 7018.10. Vikapu vya kusuka viko katika kundi 4602. Nchi ya asili ni pale bidhaa ilipotengenezwa. Chini weka jumla ya uzito pamoja na bahasha, tarehe, na sahihi yako. Fomu isiyo na sahihi ni sababu ya kawaida sana ya kurudishwa, na ndiyo rahisi kuliko zote kuiepuka.

Thamani ya dola 1 inatia shaka papo hapo. Na ikiwa pakiti ilikuwa ya rejesta ikapotea, utadai nini wakati mwenyewe umeandika dola 1?

Kuhusu kodi, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Tangu siku hiyo kila kitu kilichouzwa hutozwa VAT, hata kikiwa cha euro 5. Zawadi ya kweli, kutoka mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, husamehewa hadi euro 45. Uingereza ni hadi pauni 39. Hereni ulizouza si zawadi. Ukiuzia kwenye soko la mtandaoni lenye namba ya IOSS, yaani mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kukusanya VAT ya bidhaa zinazotoka nje, kodi ya bidhaa zisizozidi euro 150 hukatwa mteja anapolipa, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye taarifa za pakiti. Usipokuwa nayo, mteja atadaiwa kodi pamoja na ada ya kushughulikia mlangoni kwake. Mwambie kabla hajalipa. Wateja wengi hukataa kupokea kwa sababu ya kushtukizwa, si kwa sababu ya kiasi chenyewe. Marekani nako, tangu 29 Agosti 2025, msamaha wa bidhaa zisizozidi dola 800 umesimamishwa, kwa hiyo uliza dirishani utaratibu wa siku hiyo kabla ya kufunga mzigo.

Jambo la mwisho, nalo huwaponyoka wengi. Tangu 1 Januari 2021 UPU inataka taarifa za fomu zitumwe kwa kompyuta kabla bidhaa haijafika. Karatasi peke yake haitoshi. Usiondoke dirishani mpaka uone karani ameingiza maelezo yako na kubandika lebo yenye barkodi. Mpe pia simu au barua pepe ya mpokeaji.

SWALI (Leicester, Uingereza): Shikamooni. Nauza doti za kanga na vikuku kwa wateja wa humu humu Uingereza. Kila doti naituma kama kifurushi kidogo na faida yote inaishia huko. Doti inaweza kwenda kama barua?

JIBU: Marahaba, mama. Inaweza, na kanga ni bidhaa inayofaa kweli kweli kwa kazi hii. Ndani ya Uingereza masharti ni tofauti na ya kuvuka mpaka: bidhaa inaruhusiwa kwenye barua ilimradi ienee. Barua ya kawaida ya Royal Mail ni sentimita 24 kwa 16.5, unene milimita 5, gramu 100. Barua kubwa ni sentimita 35.3 kwa 25, unene milimita 25, hadi gramu 750. Doti ya pamba kwa kawaida haifiki uzito huo. Kinachoamua ni zile milimita 25.

Doti ambayo haijakatwa ni kitambaa cha kama mita 3 kwa mita 1.1. Ukunje upana uwe sehemu tano sawa, upate sentimita 22. Kisha kunja urefu uwe sehemu kumi sawa, upate sentimita 30. Hapo una tabaka 50. Kunja kwa kwenda na kurudi, usiviringishe, kwa sababu kuviringisha huacha nundu katikati na mashimo pembeni, na kinachopimwa ni pale palipo panene zaidi. Kanga mpya yenye wanga hufutuka, kwa hiyo itie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ibane kwa kiganja kutoka upande uliofungwa kuelekea mdomoni ili hewa itoke, funga, kisha iache usiku mmoja chini ya vitabu vizito.

Bahasha nayo ina hesabu yake. Bahasha ya C4, sentimita 32.4 kwa 22.9, haitoshi. Kitu chenye upana wa sentimita 22 na unene wa 2 kinakula kama 24 za bahasha. Nunua ya B4, sentimita 35.3 kwa 25, ambayo ndiyo kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Usiongeze plastiki ya mapovu, nguo haivunjiki.

Tengeneza kipimo chako nyumbani. Chukua kadibodi ngumu, kata mwanya wa milimita 25 wenye urefu wa sentimita 25.5, kisha pitisha bahasha iliyofungwa. Ipite yenyewe kwa uzito wake. Ikibidi kuisukuma, ujue imezidi. Lenga milimita 23, maana kitambaa hutanuka njiani. Ikikutwa imezidi au stempu zimepungua, mteja wako huachiwa kadi ya kulipia pungufu pamoja na ada, na hapo umempoteza.

Vikuku vya uzi vikilazwa hupita. Vya mduara mgumu visivyolala havipiti, hata vikiwa vyepesi namna gani. Peleka kwenye kaunta ya posta uombe uthibitisho wa kutuma, hutolewa bure. Ukitumbukiza kwenye sanduku la barabarani bila huo, kudai ni vigumu. Kama una stempu za zamani za kawaida zisizo na barkodi, hazikubaliwi tangu 31 Julai 2023. Za picha maalumu na za Krismasi bado zinatumika. Na ukipata mteja Unguja au Mombasa, hesabu hii yote haimhusu: barua za kutoka Uingereza kwenda nje ni za nyaraka tu, kwa hiyo doti hiyo italipiwa kama kifurushi kidogo na kubandikwa fomu ya forodha.

SWALI (Columbus, Ohio): Natuma bangili za shanga ndani ya Marekani kwa bahasha ya kawaida na stempu moja. Kuna zinazofika zimechanika na hazina kitu ndani. Je, zinaibwa?

JIBU: Mara nyingi ni mashine. Bahasha hupita kwa kasi kati ya mikanda na kuzunguka magurudumu. Kitu kigumu chenye nundu hakipindi pamoja na karatasi, hubanwa nyuma na kutokea kwenye kona. Sarafu, funguo na shanga nene huishia hivyo hivyo.

Kwa USPS barua haizidi inchi 11½ kwa 6⅛, unene robo inchi, yaani kama milimita 6, na uzito wakia 3.5, kama gramu 99. Ikiwa ngumu au haina unene sawa, inaongezewa ada ya barua isiyopita mashineni. Bahasha kubwa ni hadi inchi 15 kwa 12, unene robo tatu ya inchi, wakia 13, lakini ina masharti matatu: iwe mstatili, ipindike, na tofauti ya unene kutoka mahali hadi mahali isizidi robo inchi. Ikishindwa hata moja, inatozwa kama kifurushi.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapojifunga wenyewe. Wanatia kadibodi ngumu ndani ya bahasha kubwa ili kuilinda bangili. Bahasha inakataa kupinda, na bei inaruka. Bangili ya shanga ndogo za milimita 2 hadi 3 itandaze iwe mstari mmoja juu ya kadi nyembamba, ibandike kwa utepe kila baada ya sentimita 3, na lipa ile ada ya ziada. Ya shanga nene isilazimishwe. Itume kama kifurushi tangu mwanzo, uiingize gharama hiyo kwenye bei ya kuuzia.

SWALI (Zanzibar): Ni vitu gani vidogo ambavyo havifai kwenda kwa pakiti, hata vikiwa vyepesi?

JIBU: Kwa wauzaji wa pwani tunaanza na matumbawe na makombe ya chaza wakubwa wa baharini. Hereni zake zinapendeza, lakini matumbawe magumu na chaza hao wanalindwa na mkataba wa CITES, na bila kibali pakiti hutaifishwa. Manukato yenye spiriti na rangi za kucha huwaka, kwa hiyo hayapandi ndege kwa posta. Betri za lithiamu zilizo peke yake, pamoja na pawabenki, pia hapana. Mbegu za kupanda zinataka cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na mamlaka ya TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Umoja wa Ulaya umekaza sharti hilo tangu 14 Desemba 2019, na kipakiti cha gramu 5 kinahesabika sawa na gunia. Noti, sarafu, dhahabu na vito havitiwi kwenye barua isiyo na bima.

SWALI (Dar es Salaam): Nachapisha vijitabu vya mashairi vya kurasa 48. Navyo ni pakiti ndogo?

JIBU: Vinaweza kwenda hivyo, lakini kwanza uliza bei ya machapisho, ambayo katika posta nyingi iko chini na vitabu huruhusiwa kufika kilo 5. Usitie ndani barua binafsi, kwa sababu bahasha ya machapisho inaweza kufunguliwa kukaguliwa. Vitabu vya kuuza ni bidhaa kwa macho ya forodha, kwa hiyo jaza CN22, kundi 4901.

SWALI (Muscat): Nawatumia ndugu zangu Tanga na Mombasa vitu vidogo. Vingine vinakaa posta wiki kadhaa bila wao kujua. Anwani niiandike vipi?

JIBU: Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha S.L.P., kisha postikodi ya tarakimu 5 na mji, mwisho nchi kwa herufi kubwa. Kenya postikodi inafuata ofisi ya posta lilipo sanduku. 80100, kwa mfano, ni posta kuu ya Mombasa, na ndugu mwenye sanduku katika posta nyingine ana namba tofauti. Kama sanduku ni la ofisi au la jirani, andika jina la mwenye sanduku chini ya jina la ndugu yako. La maana kuliko yote ni simu ya mpokeaji. Pakiti isiyoenea sandukuni huandikiwa karatasi ya wito, na karatasi hiyo ikikaa ndani ya sanduku ambalo halifunguliwi, mzigo unasubiri. Simu ikiwa imeandikwa, huenda karani akampigia. Mpokeaji aende na kitambulisho na pesa kidogo, endapo kuna ushuru au ada.

SWALI (Kisumu): Pakiti yangu ina namba, lakini nikiitafuta mtandaoni naona iliondoka Kenya tu, basi. Mteja ananiita tapeli. Nifanye nini?

JIBU: Tazama herufi ya kwanza ya namba yako. Namba za posta duniani zina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, KE kwa Kenya na TZ kwa Tanzania. Ikianza na R ni rejesta, na itasainiwa inapofika. L ni barua inayofuatiliwa. Ikianza na U, namba hiyo ipo kwa ajili ya forodha. Haikuahidi kufuatiliwa, na kimya baada ya kuondoka ni kawaida yake. Mweleze mteja hivyo siku ya kwanza unapompa namba.

Kama ni R na muda umepita, nenda posta uliyotumia ukiwa na risiti, uombe ulizo kwa fomu ya CN08. Muda wa kuulizia ni miezi sita kuanzia kesho yake ya siku uliyotuma, na anayeulizia ni posta ya mtumaji, kwa hiyo usimsukumie mteja kazi hiyo. Rejesta iliyopotea hulipwa fidia isiyozidi SDR 30, kama dola 40. Kitu cha thamani zaidi ya hapo kitume kwa bima au kwa EMS, huduma ya posta ya haraka. Cha chini ya hapo, rejesta inatosha. Na cha bei ndogo kabisa, pakiti ya kawaida yenye U ni chaguo zuri, mradi mteja amekubali kwa maandishi kwamba haifuatiliwi.